Sayansi ni nini? Jibu liko shambani na ziwani

Na Bwana Shamba, Lupingu

Neno "sayansi" tunalisikia mara nyingi. Tunalisikia redioni. Watoto wetu wanalisoma shuleni. Lakini ukimwuliza mtu maana yake, wengi hujibu kwamba sayansi ni chupa za kioo, dawa zenye rangi, na watu waliovaa makoti meupe mjini. Wengine husema ni mambo ya Wazungu. Wengine husema ni somo gumu la kufanyia mtihani.

Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita hapa Lupingu aliniuliza hivi: "Bwana Shamba, mwalimu anatufundisha sayansi, lakini sayansi yenyewe ni nini?" Swali hilo ni zuri. Nimeona nilijibu hapa gazetini, ili wazazi wasome pamoja na watoto wao.

Jibu fupi ni hili. Sayansi ni njia ya kutafuta ukweli wa mambo ya dunia. Unaangalia kwa makini. Unauliza. Unakisia jibu. Unalijaribu jibu hilo. Kisha unakubali matokeo, hata kama hayakupendezi.

Jibu refu tutalitafuta hapa hapa kwetu, ziwani na shambani.

MOSHI JUU YA ZIWA

Sisi wa Lupingu tunakaa chini ya Milima ya Livingstone, kando ya Ziwa Nyasa. Mvuvi au msafiri wa meli huweza kuona jambo la ajabu mbali ziwani. Wingu jeusi huinuka juu ya maji kama moshi wa nyika inayoungua. Lakini maji hayaungui. Je, moshi huo unatoka wapi?

Mtu anaweza kukaa pwani na kubishana mpaka jioni. Mmoja atasema ni mvua. Mwingine atasema ni meli inayowaka moto. Mwingine atasema ni mzimu wa ziwa. Ubishi huo hauna mwisho, kwa sababu kila mtu anasema tu.

Sasa mtu mmoja anaingia katika mtumbwi. Anapiga kasia mpaka lilipo wingu. Anakuta kwamba si moshi. Ni wadudu wadogo sana wanaoruka, maelfu kwa maelfu. Wanamwingia puani na masikioni. Ubishi umekwisha. Kwa nini umekwisha? Kwa sababu mtu huyo hakusema tu. Alikwenda kuangalia.

Wadudu hao wanajulikana na watu wa ziwa tangu zamani. Upande wa Malawi wanaitwa nkhungu. Watu huwakusanya, huwaponda, na kuwafanya kitoweo. David Livingstone alipopita ziwani humu mwaka 1861 aliyaona mawingu hayo, akaandika habari zake.

Wataalamu wa baadaye waliuliza swali la pili: Wadudu hawa wanatoka wapi? Walichota maji ya ziwa, wakayachuja na kuyaangalia. Wakakuta funza wadogo wanaopenya mwanga kama kioo. Funza hao ndio watoto wa wadudu wale. Mchana hukaa chini majini, mbali na macho ya samaki. Usiku hupanda juu kutafuta chakula. Wakikomaa hutoka majini wote pamoja na kuruka. Hilo ndilo wingu tunaloliona.

Angalia, msomaji. Jibu moja limezaa swali jingine. Hiyo ni desturi ya sayansi.

MUHOGO ULIOOZA UDONGONI

Sasa tutoke ziwani twende shambani, maana huko ndiko chakula chetu kiliko.

Wakati wa mavuno yaliyopita, bibi mmoja wa huku kwetu alikwenda kuchimba muhogo. Mashina yalikuwa marefu. Majani ya juu yalikuwa ya kijani. Moyo wake ulikuwa umetulia. Lakini alipoumenya muhogo wa kwanza aliona mabaka ya rangi ya kahawia ndani yake, makavu na magumu kama gome la mti. Wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Chakula alichokitegemea kwa miezi mingi kilikuwa kimeharibika chini ya udongo, naye hakujua.

Bibi huyo alikuwa na jibu lake. Alisema shamba limepigwa jicho baya na jirani yake. Jirani alipita pale siku moja akalisifu shamba kwa sauti. Tangu siku ya kuvuna, wanawake hao wawili hawakusalimiana. Hawakuazimana chumvi wala moto. Hata wajukuu wao walikatazwa kucheza pamoja.

Mjukuu wa bibi ndiye yule mwanafunzi aliyeniuliza maana ya sayansi. Alikuja kuniita.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia.

"Marahaba, Bwana Shamba. Umekuja kuniambia nini? Muhogo umekwisha oza."

"Sijaja kukuambia, bibi. Nimekuja tuangalie pamoja."

Tukaanza kuangalia. Majani ya chini yalikuwa na rangi ya manjano kando ya mishipa yake. Mashina yalikuwa na michirizi ya rangi ya kahawia kwenye sehemu za kijani. Mihogo mingine ilikuwa imebanwa katikati kama kiuno cha nyigu. Mjukuu alitembea mstari kwa mstari. Baadaye akauliza:

"Bwana Shamba, mbona mihogo ya pale karibu na mwembe ni mizima?"

Swali hilo lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Bibi akafikiri kidogo, akajibu kwamba pale karibu na mwembe alipanda mbegu yake ya zamani. Kwingine kote alipanda pingili alizopewa na jirani. Jirani naye alizipata kwa ndugu zake, zikaletwa kwa mtumbwi.

Tukaenda kwa jirani. Kwanza hakutaka kusema. Mwishowe alituonyesha rundo la mihogo nyuma ya nyumba. Yote ilikuwa na mabaka yale yale. Alikuwa ameificha kwa aibu.

Bibi akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi sote tumepigwa kwa fimbo moja."

Kama jirani ndiye aliyeharibu shamba la mwenzake kwa jicho, nani aliharibu la kwake? Jibu la jicho baya halikuweza kueleza rundo lile. Lilibidi tutafute jibu jingine.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huo unaitwa michirizi ya kahawia. Si mgeni katika Tanzania. Mtaalamu aitwaye H. H. Storey, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, aliandika juu yake mwaka 1936. Kwa miaka mingi ugonjwa huo ulisumbua hasa nchi za chini zenye joto, kama mwambao wa bahari na mwambao wa Ziwa Nyasa.

Unaletwa na virusi. Virusi ni vitu vidogo sana. Huwezi kuviona kwa macho, wala kwa kioo cha kukuzia cha shuleni. Vinaishi ndani ya mmea. Wadudu wadogo waitwao inzi weupe, wanaokaa chini ya majani, huvichukua kutoka mmea mgonjwa na kuvipeleka kwenye mmea mzima wa karibu. Lakini mtu ndiye anayevisafirisha mbali. Anakata pingili za shina lenye ugonjwa, anazifunga mzigo, anampelekea ndugu yake zawadi.

Nilipomweleza bibi hayo, aliniuliza: "Kwa hiyo ni yeye aliyeniletea?"

"Ndiyo, bibi. Lakini hakujua. Ugonjwa ulikuwa umejificha ndani ya zawadi."

Hawakusalimiana siku ile. Walisalimiana siku ya tatu, kisimani.

Hapa, kijana, ndipo unapoona faida ya sayansi. Mtu mwenye uchungu huuliza kwanza, "Ni nani aliyenifanyia hivi?" Sayansi huuliza, "Ni kitu gani? Kimeingiaje? Kinazuiwaje?" Swali la kwanza lilileta ugomvi na halikuotesha hata shina moja la muhogo. Swali la pili linatupa kazi ya kufanya.

HATUA TANO

Tukumbuke tulivyofanya katika shamba lile. Hizo ndizo hatua za sayansi.

Kwanza, kuangalia. Tuliangalia majani, mashina na mihogo yenyewe. Hatukuangalia kwa mbali.

Pili, kuuliza. Mjukuu aliuliza kwa nini mihogo ya pale karibu na mwembe ni mizima.

Tatu, kukisia jibu. Tulikisia kwamba ugonjwa umekuja na pingili. Kukisia si kosa. Kosa ni kukisia na kuishia hapo.

Nne, kujaribu. Hii ndiyo hatua ngumu. Mjukuu alidhani kazi imekwisha. Nikamwuliza, "Je, kama udongo wa karibu na mwembe ndio mzuri zaidi? Au kivuli ndicho kilichosaidia?" Alinyamaza. Hatukuwa na haki ya kusema tumejua. Tulipaswa kujaribu.

Mashina yote yenye dalili tuliyang'oa na kuyachoma moto. Mvua zilipoanza tuligawa kipande cha shamba sehemu mbili. Sehemu zote mbili zina udongo wa aina moja na jua la aina moja. Zilipandwa siku moja, kwa nafasi moja, na zinapaliliwa siku moja. Kila sehemu ina pingili 50. Sehemu ya kwanza tulipanda pingili zilizochaguliwa kama tulivyozoea, yaani kwa kutazama shina na majani tu. Sehemu ya pili tulipanda pingili za mashina ambayo mihogo yake tuliichimba, tukaikata kata, na kuiona ni mizima mpaka ndani. Sehemu hizo mbili zinatofautiana kwa jambo moja tu, nalo ni namna ya kuchagua mbegu. Basi kama mavuno yatatofautiana sana, tutajua pa kutafuta sababu.

Tano, kuandika na kukubali matokeo. Kila Ijumaa mjukuu na wenzake wanapita na daftari. Wanahesabu mashina yenye dalili, wanaandika, kisha shina lenye dalili linang'olewa ili lisiambukize mengine. Majibu kamili yatatoka udongoni siku ya kuvuna. Hatutayasema kabla, kwa maana ugonjwa huu hudanganya kwa majani mazuri. Na mavuno yakitupinga, tutakubali na kujaribu tena.

MAHARAGE YA NJOMBE

Watu wanaosafiri kutoka huku ziwani kwenda Njombe hurudi na habari kwamba kule maharage huchelewa kuiva. Wengine hulaumu kuni. Wengine hulaumu baridi. Nani mkweli?

Ukitaka kujua, usilinganishe maharage ya aina moja Njombe na ya aina nyingine Lupingu. Usitumie chungu kule na sufuria huku. Chukua maharage ya gunia moja, sufuria ile ile yenye mfuniko wake, maji kiasi kile kile, na kuni za aina moja. Kisha pima saa. Jaribio la haki hubadilisha kitu kimoja tu. Hapa kinachobadilika ni mahali.

Utakuta kwamba Njombe huchelewa kweli. Sababu ni mwinuko. Lupingu iko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Njombe uko juu zaidi, karibu mita 1,900. Kule juu hewa ni nyepesi, na hugandamiza maji kidogo. Kwa hiyo maji huchemka mapema, kabla hayajawa na moto mwingi. Huku ziwani maji huchemka kwenye joto la nyuzi 98 hivi. Njombe huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maji yakishachemka, hata ukiongeza kuni hayazidi moto tena. Maharage yanapikwa kwa joto dogo zaidi, basi yanachukua muda mrefu.

Mama wa Njombe aliyejua jambo hili zamani hakukosea. Sayansi imemweleza sababu tu.

KIJANA ALIYECHEKWA

Kuna vijana wanaoogopa kuuliza darasani. Wanaogopa kuchekwa. Basi wasome habari za Erasto Mpemba, kijana wa Tanzania.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu yagande. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa ndogo. Mpemba akaogopa kukosa nafasi. Akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Mwenzake mmoja aliweka yake bila kuyachemsha. Baada ya saa moja na nusu walifungua jokofu. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado.

Mpemba akamwuliza mwalimu sababu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye akaenda kusoma Mkwawa, Iringa. Akauliza tena. Mara hii alitaniwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Wenzake darasani wakaichukua kuwa mzaha wa kila siku.

Mpemba angeweza kunyamaza. Badala yake alijaribu tena mwenyewe, kwa maji ya moto na maji ya baridi. Kisha siku moja Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitembelea shule hiyo. Mpemba akasimama mbele ya watu wote akauliza swali lake. Baadhi ya wanafunzi walicheka. Dakta Osborne hakudai kwamba anajua, wala hakumdharau. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jaribio lifanywe. Matokeo yakawa kama alivyosema kijana yule.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika habari hiyo pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza. Tangu hapo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Mpemba mwenyewe baadaye alifanya kazi ya kuhifadhi wanyamapori wa nchi yetu.

Je, mjadala umekwisha? Haujaisha. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza walipima kwa uangalifu, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi zaidi kuliko ya baridi. Mwaka 2020 wataalamu wengine nchini Kanada walifanya jaribio la namna nyingine, kwa chembe ndogo sana ndani ya maji, wakaonyesha kwamba kitu cha moto zaidi kinaweza kweli kupoa upesi zaidi. Swali la kijana wa Magamba bado linawapa kazi watu wenye elimu kubwa. Hiyo si aibu ya sayansi. Katika sayansi hakuna mkubwa asiyeulizwa.

SAYANSI NA ELIMU YA WAZEE

Wengine watasema, "Basi wazee wetu hawakujua kitu." Hapana.

Wamtazame mama wa Kikisi anayefinyanga vyungu hapa mwambao. Anajua udongo wa kuchagua. Anajua kwamba chungu kikitiwa motoni kabla hakijakauka vizuri kitapasuka. Alijuaje? Yeye au bibi yake aliangalia, alijaribu, alivunja vyungu vingi, akakumbuka. Hizo ni hatua za sayansi. Kilichobaki ni kueleza sababu. Maji yaliyobaki ndani ya udongo hugeuka mvuke, mvuke hutafuta njia ya kutokea, chungu kinapasuka.

Kwa hiyo kijana asidharau la mzee, wala asilipokee bila kulitazama. Aliulize, alijaribu. Mengi yatasimama na mengine yataanguka. Na ya vitabuni yajaribiwe hivyo hivyo, pamoja na haya ninayoyaandika mimi.

USHAURI KWA MKULIMA WA MUHOGO

1. Usichague mbegu kwa kutazama majani tu. Chimba shina, kata mihogo yake, tazama ndani. Ikiwa mizima, ndipo ukate pingili za shina hilo.

2. Ukiona shina lenye dalili shambani, ling'oe na kulichoma. Usingoje. Hakuna dawa ya kuliponya.

3. Usipokee wala usitoe pingili kutoka shamba lenye ugonjwa, hata kama ni kwa ndugu.

4. Mwulize mtaalamu wa kilimo aliye karibu nawe juu ya mbegu zinazovumilia ugonjwa.

FANYA MWENYEWE

Wazee wengi husema wingu la wadudu ziwani hutokea zaidi mwezi unapoandama. Je, ni kweli kwa Lupingu? Mwanafunzi, chukua daftari. Kila siku andika tarehe, hali ya mwezi, na kama wingu limeonekana au halikuonekana. Siku ambazo hukuona kitu ziandike pia, maana hizo nazo ni ushahidi. Fanya hivyo mwaka mzima, kisha uhesabu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini bibi alidhani jirani yake ameharibu shamba? Ni kitu gani kilichoonyesha kwamba sababu ni nyingine?

2. Kwa nini sehemu mbili za shamba zilipandwa siku moja na katika udongo wa aina moja?

3. Katika kijiji chako kuna jambo gani ambalo watu wote wanasema, lakini hakuna aliyelijaribu? Mngelijaribuje?

4. Mtoto wako akikuuliza swali usilojua jibu lake, unamjibu nini?

MAANA YA MANENO

Jaribio: kazi inayofanywa ili kuona kama jambo ni kweli.
Kukisia: kusema jibu unalodhani kabla ya kuwa na hakika.
Pingili: kipande cha shina la muhogo kinachopandwa.
Ushahidi: kitu kinachoonyesha kwamba jambo ni kweli au si kweli.
Virusi: vitu vidogo sana vinavyoleta magonjwa kwa watu, wanyama na mimea.